Redio ya gari inapogoma: sikiliza kwanza, fungua baadaye

Mwezi uliopita mzee mmoja alinijia na Noah yake, redio mpya ikiwa bado ndani ya boksi kwenye kiti cha mbele. "Fundi, toa hiyo mbovu uniwekee hii. Spika za nyuma zimekufa." Nikamwamkia, nikaingia garini, nikafungua mipangilio ya sauti. Kile kialama kinachogawa sauti kati ya mbele na nyuma kilikuwa kimesukumwa mbele mpaka mwisho. Pengine mtoto alichezea, pengine mwosha magari. Nikakirudisha katikati, spika za nyuma zikaanza kulia. Mzee alicheka sana, halafu akaitoa risiti mfukoni na kuisoma chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Redio yenyewe kufa ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Vinavyokufa ni waya, fyuzi, plagi, spika, na zaidi ya vyote ethi, yaani ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo kabla sijashika bisibisi huwa nauliza maswali manne. Tatizo liko kwenye FM tu, kwenye simu tu, au kote? Ni spika moja au zote? Injini ikizimwa na ufunguo ukabaki ACC, yaani pale redio inapowaka bila injini, tatizo linaendelea? Na la mwisho, ambalo wateja wengi hulijibu kwa kuangalia pembeni: lilianza baada ya nini? Betri ilibadilishwa? Kioo cha mlango kilitengenezwa? Injini ilioshwa kwa presha? Jibu la swali hilo pekee limewahi kuniokolea nusu siku.

Sauti inasafiri hivi: simu, flashi au antena, kisha redio, kisha nyaya za RCA (zinazobeba sauti tu) kama gari lina amplifaya, yaani kikuza sauti, kisha amplifaya, kisha waya wa spika, kisha spika. Kazi ni kuikata njia hiyo katikati na kujua ugonjwa umebaki upande gani. Vifaa ni vichache: multimita (kipimo cha umeme) ya bei ya kawaida, betri ndogo ya 1.5 V kama ya saa ya ukutani, spika moja nzima ya akiba yenye waya mrefu, fyuzi za akiba na tepu nyeusi.

Tahadhari moja kabla ya yote. Ukitaka kufungua dashibodi, utaambiwa uchomoe hasi ya betri, na ni ushauri mzuri. Lakini kama gari lako limetoka Japani na bado lina redio yake ya asili yenye ramani, simama kwanza. Nyingi za Toyota zikikosa umeme huamka zikidai kadi ya SD ya ramani au nambari ya kufungulia, kwa Kijapani, na kadi yenyewe ilishachomolewa kabla meli haijaondoka. Redio iliyokuwa inapiga muziki asubuhi inageuka pambo. Betri ikibadilishwa kwenye gari la namna hiyo, mwombe fundi aunganishe betri ya pili kwa muda ili umeme usikatike.

Redio imekufa kabisa, haina hata taa

Anza na fyuzi. Umeme wa kudumu wa redio kwenye magari mengi unachangia fyuzi na taa ya dari, na umeme wa ufunguo mara nyingi unachangia fyuzi na kibiriti cha gari. Basi angalia: taa ya dari haiwaki? Kibiriti hakichaji simu? Umeshapata jibu bila kufungua kitu. Chaja za bei chee za kuchomeka kwenye kibiriti ndizo zinazounguza fyuzi hiyo mara nyingi.

Weka fyuzi ya ampea zile zile. Nimekuta fyuzi ya 10 ikiwa imebadilishwa na ya 30, nimekuta uzi wa waya, nimekuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imeviringwa vizuri kabisa kama kazi ya mikono. Siku shoti ikirudi, kitakachoungua si fyuzi tena, ni nyaya zilizo nyuma ya dashibodi.

Fyuzi zikiwa nzima, vuta redio nje na upime kwenye plagi. Kwa redio za dukani rangi ni zile zile karibu zote: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ethi. Njano isome kama 12.6 V hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nyekundu isome hivyo ufunguo ukiwa ACC tu. Vyote vikiwepo na redio bado imelala, geuza uangalie mgongoni mwake, mara nyingi kuna fyuzi ndogo ya pili ya 10 au 15 ambayo watu huisahau.

Redio inayowaka vizuri lakini kila ukizima gari inasahau vituo na saa haijaharibika. Njano na nyekundu zimebadilishana, au njano haipati umeme ufunguo ukitolewa.

Inawaka, nyimbo zinakwenda, sauti hakuna

Ukishahakikisha si kitufe cha kunyamazisha wala sauti ya simu iliyoshushwa chini, uliza: gari lina amplifaya, ya kuongezwa au ya kiwandani? Amplifaya huamshwa na waya wa bluu wenye mstari mweupe kutoka kwenye redio. Waya huo ukikatika au ukisahaulika wakati wa kubadilisha redio, amplifaya hailii hata kidogo. Upime: redio ikiwaka uwe na 12 V, ikizimwa usiwe na kitu.

Kama hakuna amplifaya na spika zote nne kimya, mimi hushuku shoti kwenye waya wa spika moja. Redio za sasa zinajilinda. Waya mmoja ukigusa bodi, zinanyamazisha njia zote. Chomoa plagi ya spika nyuma ya redio, ile spika ya akiba iunganishe moja kwa moja kwenye jozi moja. Rangi za dukani tena: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya jozi yake. Ikilia, redio ni nzima. Sasa pima kila waya wa spika dhidi ya bodi ya gari ukiwa umeweka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Hakuna hata mmoja unaopaswa kuonyesha njia. Unaoonyesha njia ndio mkorofi, ufuate mpaka mlangoni kwake.

Hapa kuna mazoea ya zamani yanayoua redio mpaka leo. Zamani zilikuwepo redio ambazo hasi za spika zilifungwa pamoja kwenye bodi, na mafundi waliojifunzia enzi hizo bado wanafanya hivyo. Kwenye redio ya kisasa nyaya zote mbili za spika zina umeme, karibu nusu ya volti za betri kila mmoja, na sauti ni tofauti kati yao. Hasi ya spika si ethi. Ukiifunga kwenye bodi, bahati yako ikiwa redio inanyamaza tu.

Spika moja kimya

Kwanza mizani ya kushoto na kulia, kwa sababu ya yule mzee. Kisha fungua kava ya mlango, chomoa spika, shika ile betri ya 1.5 V na uguse miguu ya spika kwa sekunde moja. Spika nzima itatoa "tap" na koni itaruka. Ukipima kwa omu, spika iliyoandikwa 4 itasoma kama 3 na kitu; ikikosa kusoma kabisa, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika na hiyo ni ya kubadilisha.

Spika ikiwa nzima, angalia pale ambapo mafundi wavivu hawaangalii: ule mpira mweusi wenye mikunjo kati ya mlango na nguzo ya gari. Dada mmoja mwenye IST alikuwa ameshanunua spika mbili kwa mlango mmoja na zote "zilikufa" baada ya wiki. Nikamwambia, "Dada, washa muziki, halafu fungua na kufunga mlango taratibu." Mlango ukiwa wazi kabisa spika ililia, ukirudi nusu ikanyamaza. Nikauvuta ule mpira nje. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umekatika, lakini ganda lake la plastiki lilikuwa zima, kwa hiyo kwa macho usingeona lolote. Ukiuvuta kidogo, ganda linarefuka kama mpira wa manati. Waya mzima haufanyi hivyo. Mlango wa dereva unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Shaba ikikunjwa na kukunjuliwa miaka kumi, inachoka. Niliunga kipande kipya, nikachomelea kwa risasi mbali na sehemu inayokunjika, nikarudisha. Zile spika zake mbili za mwanzo zilikuwa nzima.

Sauti inakwaruza

Inakwaruza lini? Hilo ndilo swali.

Inakwaruza ukipandisha sauti tu: mara nyingi redio inalazimishwa kutoa isichonacho. Umeme wa betri hauiruhusu redio isiyo na amplifaya kutoa zaidi ya wati ishirini hivi kwa kila spika, haijalishi boksi limeandika 50 mara 4. Besi ikipandishwa mpaka mwisho, zile wati chache zinaisha mapema na mawimbi yanakatwa vichwa. Shusha besi, washa kichujio cha kuzuia sauti nzito zisiende kwenye spika za mlangoni kama redio yako ina kipengele hicho, na ukitaka mtikisiko nunua wufa, ile spika kubwa ya besi.

Inakwaruza muda wote, hata kwa sauti ndogo: tandaza vidole kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na sawasawa. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili imepinda au imeungua na inasugua sumaku. Kitu kingine ni ule ukingo wa koni. Wa sponji huoza ukawa unga, hasa gari likilala juani. Na maji: ndani ya mlango kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi, inayozuia maji ya mvua yanayoshuka kwenye kioo yasifike kwenye spika. Fundi wa vioo akiichana na asiirudishe, spika ya karatasi haimalizi masika.

Inakwaruza kwenye barabara mbovu tu: hiyo ni plagi iliyolegea au waya ulionyongwa kwa mkono na kufungwa tepu. Na kama "inakwaruza" maana yake kitu kinagongagonga, weka kiganja kwenye kava ya mlango, kisha kwenye kibao cha namba nyuma, muziki ukiwa unapiga. Mara nyingi kelele inakufa chini ya kiganja chako, na spika haina kosa lolote.

Mluzi unaopanda na injini

Huu ndio ugonjwa unaolipisha watu fedha nyingi bila sababu. Ukikanyaga mafuta unasikia mluzi mwembamba ndani ya muziki, ukiachia unashuka. Ni sauti ya alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, ikiingia kwenye njia ya muziki. Watu huuziwa vichujio, redio, amplifaya, hata alteneta. Mimi nafuata mpangilio huu, na siruki hatua.

Zima injini, acha ACC. Mluzi ukiisha, ni alteneta kweli. Ukibaki, chanzo ni kingine, mara nyingi kifaa kilichochomekwa kwenye kibiriti.

Badilisha chanzo cha muziki. Kama mluzi uko kwenye simu iliyounganishwa kwa waya wa AUX huku ikichajiwa kwenye kibiriti, chomoa chaja. Ukimya? Simu ilikuwa na ethi mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia AUX, na kelele ilikuwa inazunguka kati yake. Tumia Bluetooth, au nunua kile kifaa kidogo cha kutenganisha ethi cha kuchomeka kwenye AUX. Kesi imekwisha.

Shusha sauti ya redio mpaka sifuri. Mluzi ukibaki vile vile, unaingia baada ya kitufe cha sauti: kwenye RCA au amplifaya. Ukipungua pamoja na muziki, unaingia kabla.

Zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya na umeme wake ni safi, rudi kwenye RCA na redio. Mluzi ukibaki, ni ethi ya amplifaya au umeme wake. Zima kila unapochomoa au kuchomeka RCA, tafadhali. Ukizichomeka umeme ukiwepo, hasa ethi ya amplifaya ikiwa imelegea, umeme unaweza kutafuta njia kupitia ethi nyembamba ya RCA ndani ya redio na kuiunguza. Redio inabaki inapiga, ila kuanzia siku hiyo ina mluzi. Kujua kama ndivyo, chukua kipande cha waya, gusa upande mmoja kwenye pete ya nje ya RCA na mwingine kwenye bodi ya redio. Mluzi ukikatika palepale, umempata.

Kama ni RCA, tandaza waya mwingine wa RCA juu ya viti, bila kufungua zulia. Kelele ikiisha, ule wa zamani umelazwa pamoja na waya mnene wa umeme. Umeme upite upande mmoja wa gari, RCA upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Halafu ethi. Juzi nilikuwa na gari la mteja wa Kigamboni, lenye amplifaya chini ya kiti. Nikainua zulia. Ethi ilifungwa kwenye boliti ya reli ya kiti, juu ya rangi, na upepo wa chumvi ulishaifanyia kazi yake: kichwa cha waya kilikuwa kijani kama ganda la ndimu. Niliweka ncha moja ya multimita kwenye ethi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Ikasoma zaidi ya volti 1. Ethi nzuri haifiki hata nusu volti. Nikatafuta bati la sakafu, nikakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikatumia kichwa kipya cha waya na boliti yenye washa ya meno, nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Waya ulikuwa mfupi, chini ya nusu mita, na unene sawa na ule wa chanya. Mluzi uliisha, na mteja akadhani nimeongeza besi.

Mwisho kabisa ndiyo alteneta. Weka multimita kwenye volti za AC (umeme geu), pima betri injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Alteneta nzima itaonyesha sehemu ndogo sana ya volti, 0.1 hivi au chini. Ikipita nusu volti, dayodi za ndani zina mashaka. Lakini jihadhari, multimita nyingine za bei ndogo zikiwa kwenye AC husoma hata umeme wa betri na kukuonyesha zaidi ya 20. Kwanza pima betri injini ikiwa imezimwa. Isiposoma karibu na sifuri, kifaa chako kinadanganya.

Kichujio? Ni plasta juu ya kidonda kilichojaa usaha. Nimefunga vichache, na kila mara nilijua nakwepa kazi.

Amplifaya inawasha taa nyekundu

Imejilinda. Chomoa spika zote na RCA, uache chanya, ethi na waya wa kuiamsha tu. Nyekundu ikibaki, amplifaya inaumwa yenyewe. Ikizimika, rudisha spika moja moja mpaka upate inayoleta matata.

Mkosaji wa kawaida ni hesabu ya wufa. Wufa yenye koili mbili za omu 4, ukizifunga sambamba ni omu 2, ukizifunga kwa kufuatana ni 8. Za omu 2 zinakupa 1 au 4. Amplifaya iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni omu 2 ukiifungia 1 itapiga nyimbo mbili, itachemka, itanyamaza. Ikipoa inarudi, na mwenye gari anasema "ina tabia".

Ikijilinda wakati besi inapogonga tu, pima volti kwenye miguu ya amplifaya pale pale. Betri ikiwa inachajiwa ina 13.8 hadi 14.4. Kama kwenye amplifaya zinashuka mpaka 11 kila besi inapopiga, waya ni mwembamba. Ukwangue: kuna nyaya nene zinazouzwa kwa bei nzuri ambazo shaba ni ganda tu na ndani ni aluminiamu nyeupe. Na kuhusu zile amplifaya za "5000 W", angalia fyuzi yake. Ikiwa 30, zidisha kwa volti 14: inapokea wati 420 na haiwezi kutoa zaidi ya hizo.

Wufa mbili zinapiga, besi haipo. Moja imefungwa kinyume. Moja inasukuma, nyingine inavuta, hewa inafuta hewa. Tumia betri ya 1.5 V: chanya kwa chanya, koni zote zitoke nje. Inayoingia ndani, geuza nyaya zake. Dakika tano.

FM haishiki, au inashika vituo viwili

Hapa Dar es Salaam naona tatizo hili karibu kila wiki, na chanzo chake kiko Yokohama. Vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108 MHz. Japani FM ilikuwa kuanzia 76 hadi 90, kwa sababu juu ya hapo zilikaa chaneli za televisheni. Analojia ilipozimwa kule mwaka 2011 nafasi ikapatikana, na kuanzia 2014 redio zikaanza kurusha mpaka 95. Kwa hiyo gari la 2008 lenye redio yake ya asili linaishia 90, na hapa litakupa vituo vya 87.5 hadi 90 tu. Redio si mbovu. Haifiki huko.

Dawa ni kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kuteremsha masafa. Viko vya aina mbalimbali, na hapo ndipo watu hununua bila kupiga hesabu. Cha 12, kwenye redio inayoishia 90, kitakuletea kuanzia 88 hadi 102: kituo cha 98.0 utakikuta kwenye 86.0. Cha 20 kitakuletea kuanzia 96 kwenda juu, na 98.0 utakikuta kwenye 78.0. Andika vituo unavyosikiliza kwanza, ndipo uende dukani. Kiboksi kinahitaji umeme wa 12 V na ethi. Kisipopata, redio nzima inakuwa kelele ya mvua.

Umebadilisha redio ukaweka ya Android na FM imekuwa dhaifu kuliko ya zamani? Magari mengi ya Japani yana antena ndani ya kioo cha nyuma au ya ubavuni, na karibu nayo kuna kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Redio ya asili ilikuwa inakipelekea umeme kimya kimya. Hiyo mpya ina waya wa bluu usio na mstari kwa kazi hiyo, na aliyekufungia ameukata na kuufunga tepu. Uunganishe. Utadhani mnara umehamia nyumbani kwako.

Kama redio mpya inaruka kutoka 97.9 kwenda 98.1 na 98.0 haipatikani, imewekwa eneo la Marekani. Ingia kwenye mipangilio uchague Ulaya.

Na kama FM ilikuwa safi ikaharibika ghafla, jiulize umeongeza nini. Taa za LED za bei chee, kamera ya dashibodi, chaja. Tafuta kituo dhaifu, kisha zima na chomoa kimoja kimoja. Nilimkuta kijana mmoja ambaye redio yake ilifanya kazi mchana na kugoma usiku. Alikuwa anatamani kusikia kwamba kuna jambo la kishirikina. Zilikuwa taa.

Flashi haisomwi

Iumbe upya (format) kwa mfumo wa FAT32. Redio nyingi za gari hazijui exFAT. Basi.

Betri inalala usiku

Waya wa kuamsha amplifaya umefungwa kwenye njano badala ya bluu, na amplifaya inakesha. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha gari, ikiwa na joto umeshajua. Kama si hivyo, weka multimita kwenye ampea, tundu la 10, kati ya hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, ufunguo nje. Kwa gari lile la ramani ya Kijapani, unganisha multimita kwa vibano kabla hujautoa waya kwenye betri ili umeme usikatike. Subiri nusu saa gari lilale. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi ya redio kwanza, kisha ya amplifaya, uone namba inaposhuka. Usigeuze ufunguo wakati multimita iko pale. Mimi nimeshaunguza mbili, na ya pili ilikuwa ya kuazima.